Mjukuu Aliyekaribishwa Kahawa

Nilirudi nyumbani Nshambya siku ya Alhamisi, mwanzoni mwa likizo ya Juni, nikiwa na sanduku la bati, ndala zilizokatika kamba, na cheo cha kidato cha tatu ambacho hakuna mtu aliyekiulizia. Nilikuwa nimetoka shule ya bweni Muleba. Njia nzima ndani ya basi nilikuwa napanga jinsi Bibi atakavyonipokea. Atasema nimekonda. Atanituma kuni kabla sijavua viatu. Atanigombeza kwa jambo nililolifanya Januari, ambalo mimi nimelisahau na yeye hajalisahau. Nilikuwa nimeusubiri ugomvi huo muhula mzima.

Badala yake, Bibi alinikalisha kwenye kiti.

Si kigoda, ni kiti, kile cha mgongo mrefu ambacho mchungaji hukalia akija kutuombea. Halafu akaingia ndani, akatoka na kijikapu cha akamwani, akakiweka mbele yangu kwa mikono miwili.

Kwa yule ambaye hakubahatika kukulia upande huu wa ziwa, nieleze. Akamwani ni buni zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa juani, nazo hutafunwa. Mgeni akiingia nyumbani hupewa. Mtu wa nyumbani hapewi. Mtu wa nyumbani hujichukulia, na akionekana hupigwa kofi la mkono. Miaka kumi na mmoja niliyolelewa na Bibi, kijikapu kile nimekiibia mara nyingi kuliko nilivyosali, lakini sikuwahi hata siku moja kuwekewa mbele yangu.

"Karibu, Alistidia, mwana wange," Bibi alisema. "Safari imekuchosha. Tafuna kidogo."

Kisha akageukia jikoni, na sauti yake ikabadilika, ikawa ile ninayoijua mimi. "We Hafidha, umeacha kuni kwenye umande tena? Kichwa chako kina nini?"

"Naziingiza, Bibi," sauti ikajibu, kwa Kihaya safi kabisa.

Moyo wangu ukafanya kitu ambacho mwalimu wetu wa Biolojia hajatufundisha. Kuna mtu alikuwa anagombezwa kwa niaba yangu.

Nilifanya uchunguzi jioni hiyo hiyo, kwa utulivu, kama inavyompasa msomi. Hafidha ni binti wa Mama Mastura, fundi cherehani, ambaye amepanga vyumba viwili vya uani kwetu tangu Februari. Babu yake alikuja Bukoba kutoka Tanga zamani, akafungua duka, akaoa huku huku. Hafidha mwenyewe amezaliwa na kukulia Hamugembe, hapa hapa Bukoba, yuko kidato cha tatu kama mimi, ila anasoma shule ya kutwa. Kila akirudi shuleni anavua viatu, anajifunga mtandio vizuri, anaingia jikoni kwa Bibi. Hakuna aliyemwita. Alianza kwa kuomba moto wa kuwashia jiko la mama yake, akabaki.

Hayo yote ningeweza kuyavumilia. Kilichonishinda ni vidole vyake. Vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa ndizi, ule weusi usiotoka kwa sabuni, ambao mtu huupata kwa kumenya kila siku kwa miezi. Mimi nilikuwa nao zamani. Nikaangalia vidole vyangu: vilikuwa vyeupe na laini kama vya karani wa benki. Alikuwa amekalia kigoda changu. Alikuwa ameshika kisu changu, chenye mpini uliofungwa mpira wa baiskeli. Mpira ule niliufunga mimi.

"Hicho kisu kinateleza," nilimwambia. "Kina wenyewe."

"Kinateleza kweli," alijibu. "Bibi alisema mwenye kisu yuko Muleba anasoma, nikitunze."

Mtu akikujibu vizuri namna hiyo unabaki huna pa kushika. Nikaondoka.

Lugha nayo ilinisaliti. Shuleni kwetu ukikamatwa unaongea Kihaya unavalishwa kibao cha mbao shingoni, na unakaa nacho mpaka umkamate mwenzako. Mimi nilikivaa sana kidato cha kwanza, kidogo kidato cha pili, na kidato cha tatu sikukivaa kabisa, walimu walinipongeza. Sasa Bibi akiongea haraka na Hafidha wakicheka, mimi nilikuwa nafika kwenye kicheko nusu dakika baada yao, kama mtu anayekimbilia basi. Na Bibi, kwa huruma yake, alikuwa akigeuka na kunitafsiria kwa Kiswahili. Bibi yangu mwenyewe alikuwa ananitafsiria.

Ijumaa asubuhi nikajaribu kumenya. Bibi akaninyang'anya ndizi mkononi kwa upole, upole ule ndio ulioniumiza. "Acha, utajichafua. Wewe kaa, usome vitabu vyako. Hafidha yupo."

Hafidha yupo. Maneno mawili. Niliyabeba siku nzima kama jiwe ndani ya kiatu.

Mchana shangazi yangu Kokubanza alikuja kutoka kazini akiwa na mifuko ya mchele na uso wa mtu asiyelala. Siku iliyofuata, Jumamosi saa nne asubuhi, watu wa Buberwa, mchumba wake, walikuwa wanakuja kutoka Muleba kujitambulisha. Wangeongozwa na mjomba wa Buberwa, Mzee Kagaruki, mzee anayesifika kwa kukagua mambo. Shangazi ana miaka thelathini na minne, na watu wa kanisani wamekuwa wakimwombea mume kwa sauti ya kusikika. Alitaka kila kitu kiende sawa.

"Nani atazungusha kahawa?" aliuliza, tukiwa wote jikoni.

Hapo lazima nieleze tena. Nyumbani kwetu wakija watu wa jambo zito, kijikapu hakibebwi na yeyote tu. Hubebwa na mjukuu wa nyumba. Anapiga magoti mbele ya mkubwa wa wageni, anasema maneno ya kukaribisha kwa Kihaya, kisha yeye mwenyewe anachukua kwanza, anatafuna mbele yao. Maana yake: tulichowaletea ni kisafi, hatuna ubaya moyoni. Hapo ndipo mgeni naye hunyoosha mkono. Kazi hiyo niliianza nikiwa na miaka saba. Nilikuwa siidai kwa sababu sikujua kama kuna mtu anaweza kuichukua.

"Hafidha atabeba," Bibi alisema. "Maneno anayajua. Amefanya mazoezi wiki nzima mpaka kuku wameyajua. Alistidia atakaa na wageni, ni msomi, atawaongelesha."

"Kazi hiyo ni ya mjukuu wa nyumba hii," nilisema. "Si ya mnyamahanga."

Mnyamahanga ndivyo tunavyomwita mtu wa kuja, asiye wa kwetu. Ni neno dogo. Unaweza kulisema kwa utani sokoni na watu wakacheka. Mimi sikulisema kwa utani.

"Alistidia," shangazi alisema, "wewe mwenyewe umezaliwa Mwanza. Umeletwa hapa una miaka mitatu, unalia kwa Kisukuma. Ilibidi tumwite jirani aje atuambie unataka nini."

"Nilikuwa nataka nini?"

"Maji. Usibadilishe mazungumzo. Mwombe mwenzako radhi."

Hafidha hakuwa ameinua kichwa. Alimaliza ndizi aliyokuwa anamenya, akaitia kwenye maji, akachukua nyingine.

"Hamna neno, dada," alisema.

Dada. Tumepishana miezi miwili. Hata yeye alikuwa ananikaribisha.

Radhi sikuomba. Nilitoka nje nikasimama kwenye ua unaotutenga na Mzee Johnson, jirani yetu mfugaji wa mbuzi, na hapo ndipo nilipopata wazo. Niseme kwa heshima zote kwamba si kila mtu angelipata. Inahitaji kipaji, na miaka mitatu ya bweni.

Buni ya akamwani ni nyeusi, ndogo, mviringo, imekunjamana kidogo. Chini ya ua wa Mzee Johnson kulikuwa na vitu vingi vyeusi, vidogo, mviringo, vilivyokunjamana kidogo. Nisizungushe maneno: mavi ya mbuzi. Nilichuchumaa nikayachagua kwa makini, kama mama anayechagua nyanya. Nilichukua matatu, yaliyokauka vizuri, yenye umbo la heshima.

Mpango ulikuwa hivi. Hafidha atapiga magoti, atasema maneno yake mazuri, atachukua ya juu, atatafuna, atatema mbele ya Mzee Kagaruki. Wageni watashtuka. Nitasimama mimi, mtulivu, niseme, "Mtusamehe, huyu si wa hapa, hajazoea akamwani," kisha nitachukua kijikapu, nitachagua buni halisi, nitatafuna, na dunia itarudi mahali pake. Nilikuwa nimefanya hesabu zote. Jambo moja tu sikulihesabu, kwamba Hafidha ni Muislamu, na kwake najisi si mzaha wa bweni. Ukweli ni kwamba nililiona. Nililiona, nikaligeuzia mgongo, kama unavyomgeuzia mgongo mwalimu wa zamu.

Jumamosi saa tatu na nusu Bibi alijaza kijikapu, akakifunika kwa kipande cha jani la mgomba, akakiweka juu ya kabati. Alipotoka kwenda kubadili nguo niliinua jani, nikapanga yangu matatu juu, katikati, pale kidole kinapofika kwanza. Hata mimi, niliyeyaweka, ilibidi niangalie mara mbili kuyatofautisha.

Wageni walifika saa nne kamili, jambo ambalo lilimtisha shangazi. Walikuwa wanne: Buberwa, dada yake, rafiki yake, na Mzee Kagaruki, mrefu, mwenye koti zito na fimbo, macho yanayopita kwenye pembe za nyumba kama ya bwana afya. Salamu zikaenda zikarudi. Nilikaa kwenye kiti changu cha msomi nikiwa nimevaa gauni la kanisani.

"Huyu ndiye anayesoma kwetu Muleba?" Mzee Kagaruki aliuliza.

"Ndiye, waitu," Bibi alijibu, kwa neno letu la heshima.

"Basi ni mgeni kama sisi. Tumekuja njia moja."

Wakacheka. Nikacheka pia, kwa sauti ya chini, kama mtu anayelipa faini.

Hafidha akaingia. Alikuwa amevaa mtandio wa kijani, na kijikapu amekishika kwa mikono miwili. Niliona midomo yake ikirudia maneno bila sauti. Alipiga magoti mbele ya mzee. Bibi akanyoosha shingo. Shangazi alikuwa ameshika kitambaa cha meza kana kwamba kitakimbia.

Na Hafidha hakusema maneno yake. Aliinua uso, akamwangalia Bibi, akasema kwa Kihaya, taratibu kiasi kwamba hata mimi nilimwelewa neno kwa neno:

"Bibi, mwenye kazi hii amerudi. Mimi nilikuwa nimemshikia tu."

Akainuka, akavuka chumba, akanikabidhi kijikapu. Wiki nzima ya mazoezi, mpaka kuku wameyajua, akaiweka mikononi mwangu, akaenda kusimama mlangoni.

Mzee Kagaruki akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Watoto wa nyumba hii wana adabu," alisema. Alisema watoto, kwa wingi.

Sasa naomba msomaji anisindikize polepole, maana mimi pale sikuwa na haraka. Nilitoka kwenye kiti. Nikapiga magoti. Maneno ya kukaribisha yalinitoka, sijui kutoka wapi, yakiwa na vumbi lakini mazima. Nikaondoa jani. Kulikuwa na njia mbili tu. Ningeweza kusema kahawa imeharibika, na shangazi Kokubanza angeolewa na aibu yake. Au ningeweza kuchukua buni ya kweli pembeni, nikatafuna, kisha nikamsogezea mzee kijikapu chenye mavi matatu ya mbuzi juu yake.

Nikaangalia katikati. Yalikuwa mawili.

Kijikapu kilikuwa kimeinama mikono ilipobadilishana, na la tatu lilikuwa limeporomoka kati ya buni mia mbili zinazofanana nalo.

Nilichukua yale mawili kwa pamoja. Nikayatia mdomoni. Nikatafuna, kwa uso ule ninaouvaa wakati wa sala ya jumla shuleni. Kama kuna anayetaka kujua ladha: nyasi za zamani, udongo, na kitu fulani cha huzuni. Nisiwe mwongo, nimeshawahi kula maharage ya wiki ya mwisho ya muhula na tofauti ilikuwa ndogo. Kutema sikuweza, anayekaribisha akitema, ameshasema chakula chake kibaya. Nikameza.

"Karibu, waitu," nikasema.

Mzee Kagaruki akanyoosha vidole. Virefu, vinavyochagua, maana yeye hukagua. Vikazunguka juu ya kijikapu, vikashuka upande wa kulia, na hapo hapo kwenye ukingo, mbele ya kidole chake cha shahada, nikaliona. Halikuwa na ule mstari wa katikati wa buni.

"Niwie radhi, waitu," nikasema, nikalinyakua.

Chumba chote kikaniangalia nikitafuna la tatu.

"Huyu mtoto," mzee alisema polepole, "huko Muleba hatumpi chakula?"

"Amekumbuka nyumbani," Hafidha akasema kutoka mlangoni.

Wakacheka, Buberwa akacheka mpaka akapata ujasiri wa kumtazama shangazi, na kutoka hapo mambo yakaenda yenyewe. Mzee alitafuna buni zake, akazisifu. Walipanga siku ya kurudi na wazazi. Waliondoka saa tisa, wameshiba ndizi na nyama, na shangazi alienda kujifungia chumbani alie vizuri.

Nilikuwa nasukutua mdomo kwa mara ya saba, nyuma ya jiko, nilipoona miguu ya Bibi.

"Miaka sitini nakaribisha watu," Bibi alisema. "Sijaona anayekaribisha akachukua mara mbili. Fungua mdomo."

Nikafungua. Bibi alinusa, akanyoosha mgongo, akaangalia upande wa ua wa Mzee Johnson, kwa muda mrefu, kisha akaniangalia tena.

"Mangapi?"

"Matatu, Bibi."

"Yote umekula?"

"Yote."

Alichofanya baada ya hapo ndicho nilichokuwa nimekisubiri tangu kituo cha basi cha Muleba. Alinigombeza. Alinigombeza kwa Kihaya, haraka, bila kunitafsiria hata neno moja, akaanzia kwa mbuzi akarudi mpaka Januari na jambo lile nililolisahau, akapitia kwa baba yangu na ukaidi wake. Alisema nisafishe banda la kuku, nichote maji mapipa mawili, nimenye ndizi za chakula cha usiku peke yangu, na kwamba nikigusa kile kiti tena atanivunja miguu. Na kabla ya hayo yote, nimwambie Hafidha mwenyewe, kwa mdomo huo huo.

Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi kwa muda wa kama hatua kumi, urefu wa uwanja wetu.

Hafidha alikuwa ameketi kwenye kigoda akiosha vikombe. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, bila mapambo. Aliacha kuosha.

"Ulitaka mimi ndiye nile."

"Ndiyo."

"Unajua kwetu kitu kile ni nini."

"Najua."

Alikizungusha kikombe ndani ya maji. Nilingoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa, hata majibu nilikuwa nayo.

"Ulifikiri ningetema," alisema. "Nisingetema. Ningetema wangesema, mnaona, mnyamahanga hajui akamwani. Ningemeza, Alistidia. Nisingemwambia mtu, hata mama."

Akasimama, akaenda kwao uani, akafunga mlango. Nilibaki na vikombe.

Nilimenya ndizi zile peke yangu mpaka vidole vikaanza kuwa vyeusi. Bibi alipita mara mbili. Mara ya kwanza alisema ninakata nyama ya ndizi pamoja na ganda. Mara ya pili aliuliza, "Hafidha yuko wapi?" na pamoja na yote niliyoyafanya siku ile, bado kitu kilinichoma kifuani kusikia analitaja jina lile kabla ya langu. Naliandika hili ili isionekane kwamba mavi ya mbuzi ni dawa.

Niliosha mikono. Nikachukua kijikapu juu ya kabati, nikamwaga buni zote kwenye ungo, nikazichagua moja moja kwenye mwanga wa dirisha, nikazirudisha. Nikavuka uwanja, nikabisha mlango wa uani. Alipofungua nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi, na gauni langu la kanisani, nikasema maneno ya kukaribisha, yote, kwa Kihaya. Katikati nilikosea, akanisahihisha.

Nikamsogezea kijikapu.

Hafidha alikiangalia. Aliniangalia mimi. Akakunja mikono.

"Tafuna wewe kwanza," alisema.